Kichwa Hakina Kitu

Kazini walimwita Chiriku, na hakulikataa jina. Alikuwa anajibu simu katika kampuni ya maji, kitengo cha huduma kwa wateja, na kwa kuongea hakuwa na mpinzani. Mteja aliweza kupiga akiwa amefura, anatukana kuanzia mkurugenzi mpaka mfagiaji, na Chiriku akamwachia ayamalize yote, kisha akamshusha polepole kwa sauti yake laini mpaka mtu anakata simu akisema asante, na bomba lake bado kavu vilevile. Wenzake walisema ana dawa kwenye ulimi. Wasichokijua ni kwamba matusi yale yote aliyoyajibu kwa "pole sana, nakuelewa" hayakuwa yanakwenda popote. Alikuwa anayameza.

Kichwa kilimwanza tangu usichana. Kilikuja upande mmoja, nyuma ya jicho la kushoto, kama mtu anayepigilia msumari bila haraka. Mwanga ulimchoma, harufu ya kitunguu kinachokaangwa nyumba ya tatu ilimtapisha, hata tone la maji kwenye sinki alilisikia kama kofi. Alilala gizani na kitambaa chenye maji usoni, kikapita, kesho yake akaamka amelegea kama nguo iliyokamuliwa, na maisha yakaendelea. Alikizoea kama mtu anavyomzoea mgeni msumbufu anayekuja kwa nadra.

Kisha kampuni ikawahamishia jengo jipya. Kilikuwa chumba kirefu chenye madirisha yasiyofunguka, taa za tyubu juu ya kila meza, nyingine zikichezacheza mchana kutwa, hedifoni za kubana masikio yote mawili, na skrini kubwa ukutani iliyoonyesha kwa maandishi mekundu ni wateja wangapi wanasubiri. Kichwa kikaacha kuwa mgeni. Kikahamia.

Lakini si maumivu peke yake yaliyoanza kumla. Ni kule kungoja. Akiamka asubuhi, kabla hajafungua macho, alikikagua kichwa kama mtu anavyogusa jino bovu kwa ulimi: kipo, hakipo? Kama hakipo, moyo ulianza kumdunda akiogopa kitakuja saa ngapi. Aliogopa kiti cha kazini kabla hajakikalia. Aliogopa kualikwa mahali, maana akikubali na siku ifike amelala gizani, atasemwa. Viganja vilimtoka jasho kwenye lifti. Na wasiwasi ukimshika sana, shingo inakaza, mabega yanapanda, na kichwa kinakuja kweli. Kikiondoka kinamwachia huzuni nzito, ya kukaa ukingoni mwa kitanda na soksi moja mkononi akishindwa kuivaa. Huzuni ikikaa, usingizi unapotea. Usingizi ukipotea, kichwa kinarudi.

Alikwenda hospitali. Daktari hakuinua macho sana.

"Una mawazo, mama. Punguza mawazo."

"Nayapunguzaje?"

"Usiwaze."

Akamwandikia vidonge vya maumivu, akamtuma kwa mshauri wa mambo ya akili, mlango wa pili. Mshauri alimsikiliza nusu. Aliposikia habari za kutapika na jicho akafunga faili. "Hili ni la kichwa. Kitibiwe kichwa kwanza, hayo mengine tutaongea baadaye." Akarudi kwa daktari, na daktari akamrudisha kwa mshauri. Walirushiana mtu mzima kama mpira. Mwisho, ili wamalize ubishi, wakamwingiza kwenye lile dude linalonguruma wakampiga picha ya kichwa. Picha ikatoka safi.

"Hongera," daktari akasema, akitabasamu kama anayetoa zawadi. "Kichwa hakina kitu."

Mumewe ndiye aliyeyapenda maneno hayo kuliko wote. Alikuwa fundi wa friji, mtu wa watu, na alimpenda mkewe. Hilo hata Chiriku hakuwahi kulikana. Tatizo lake lilikuwa moja: hakuweza kukaa na jambo zito bila kulichekesha. Pale hospitalini alikuwa ameogopa sana, akidhani wataona uvimbe, na hofu ile ilipomtoka ikatoka na kicheko. Walipofika nyumbani akawaambia majirani hapo hapo mlangoni, "Jamani, tumepanga foleni kutwa nzima kuja kuambiwa kichwa cha mke wangu hakina kitu. Si wangeniuliza mimi?"

Watu wakacheka. Chiriku naye akacheka, maana ilichekesha. Mara ya pili akatabasamu. Baada ya hapo kila mgeni akawa anakaribishwa kwa chai na mzaha huo, na Chiriku akawa anainuka kwenda jikoni kusugua sufuria zilizokwisha kuoshwa.

"Acha hiyo habari," alimwambia mumewe siku moja.

"Si utani tu? Afadhali tucheke, mke wangu. Kwani ungetaka wakukute na kitu?"

Swali hilo lilimkera kuliko utani wenyewe. Kwa sababu zilikuwapo siku, akiwa peke yake, alizotamani wangekuta kitu. Kidogo tu. Kitu cha kuwaonyesha watu.

Siku ya balaa alikuwa ameamka vizuri. Katikati ya asubuhi, akiwa na mteja kwenye laini, kona ya skrini yake ya mezani ikaanza kumetameta. Ilikuwa alama ndogo yenye meno kama ya msumeno, inang'aa, inapanuka taratibu, na kila ilipopita ilifuta kilichokuwapo. Aliijua, siku hizi ilikuwa inayatangulia maumivu. Akanyoosha mkono kuomba apumzishwe, kwa kuwa hapo hutoki kwenye kiti mpaka msimamizi akuruhusu. Msimamizi, kijana wa suti ya kubana waliyemwita Bosi Mdogo, naye akilipenda jina hilo bila kujua linamsema, alimwona. Akamzungushia kidole hewani: malizana na huyo kwanza.

Mteja alikuwa mwanamume anayelalamika maji hayatoki. Chiriku akataka kumwambia, "Naomba namba ya mita yako, mafundi wako njiani." Mdomo ukamfa ganzi upande mmoja. Kilichotoka kilikuwa, "Naomba... naomba mkia wa mita. Mafundi wameiva. Mafundi wa, wa, wa sabuni yako."

"Unasemaje?"

Alikuwa anajisikia. Hilo ndilo lililomtisha. Ndani alikuwa mzima, maneno anayajua, ameyapanga, lakini akiyatuma mdomoni yanafika mengine. Akajaribu ile sentensi ambayo angeweza kuitamka akiwa usingizini, pole sana, nakuelewa, ikatoka, "Pole... nakuoga." Moyo ukaanza kumpiga vibaya. Mkono wa kulia haukuwa wake. Akajua anakufa. Upande wa pili mteja akacheka, kisha akakasirika, akauliza kama siku hizi kampuni inaajiri walevi.

Hapo ndipo Bosi Mdogo alipofika. Akamvua hedifoni, akainama, akamnusa mdomo mbele ya chumba kizima. Kisha akamwambia aende nyumbani. Chiriku akatoka ameshika ukuta.

Alirudi kazini alipopata nafuu. Ilikuwa kawaida, kabla ya simu kufunguliwa, wote wasimame kwa kikao kifupi, na msimamizi awachezee rekodi za simu, nzuri na mbaya, wajifunze. Asubuhi hiyo Bosi Mdogo alikuwa anacheka kabla hajaanza.

"Leo nawaletea burudani," akasema, akabonyeza.

Chumba kikajaa sauti ya Chiriku. Mkia wa mita. Mafundi wameiva. Watu wakatazamana, mmoja akashindwa kujizuia, na baada ya huyo wakamfuata wote. Jirani yake wa meza, mwanamke aliyekuwa anakula naye chakula cha mchana kila siku, alicheka mpaka akajifuta machozi kwa ncha ya mtandio. Kwenye "nakuoga" mtu aligonga meza.

Chiriku alikuwa amesimama nyuma, karibu na mtungi wa maji ya kunywa, na mwanzoni hakuhisi kitu zaidi ya masikio kuwaka moto. Halafu akasikia jambo ambalo wenzake, kwa kucheka kwao, hawakulisikia. Chini ya yale maneno kulikuwa na pumzi, fupifupi, za mtu aliyeogopa sana. Zilikuwa pumzi zake.

"Rudisha mwanzo," akasema.

"Nini?"

"Rudisha mwanzo. Hamkusikia vizuri."

Bosi Mdogo alidhani ameupokea utani. Akarudisha, tabasamu bado liko usoni. Chiriku akatembea mpaka mbele.

"Simamisha hapo. Hapo nimenyoosha mkono. Kwenye rekodi hausikiki, lakini wewe uliuona. Ulinijibu nini?"

Bosi Mdogo akakuna shingo.

"Alinizungushia kidole, hivi," Chiriku akawaambia wenzake. "Endelea. Simamisha. Hapo wewe," akamwelekea jirani yake wa meza, "nilikuwa sikuoni. Naona meza yako, naona kikombe chako, nyuma ya kikombe hamna mtu. Endelea. Hapo nataka kusema namba, nasema mkia. Chekeni basi, mbona mmeacha? Sasa sikilizeni kabla ya nakuoga. Mnasikia ninavyopumua? Hapo nilikuwa namuaga mume wangu moyoni. Nilijua nakufa, na bado nilikuwa namwomba radhi mteja."

"Inatosha, dada," Bosi Mdogo akasema. "Tuheshimiane."

"Haijatosha. Ulininusa mdomo. Waambie ulinusa nini."

"Nimesema tuheshimiane."

"Nimekuheshimu mpaka nikaugua. Nimewaheshimu wote. Nimetukaniwa mama yangu kwenye kile kiti, nikajibu nakuelewa. Leo sielewi. Sielewi na sitaki kuelewa."

Hakupiga kelele. Angepiga kelele ingekuwa rahisi kwao, wangesema kachanganyikiwa. Sauti iliyomtoka ilikuwa ya chini na ngumu, hata yeye mwenyewe hakuwahi kuisikia. Simu ya kwanza ilipoita alikuwa amekwisha kusimamishwa kazi kwa utovu wa nidhamu.

Ungedhani mtu aliyesema hayo angerudi nyumbani kifua mbele. Alirudi hivyo, mpaka mlangoni. Mumewe alipohadithiwa akashika kiuno.

"Si ungenyamaza tu, mke wangu? Ungemvuta pembeni mkaongea."

Maneno hayo yakamtoa upepo. Kichwa kikamwangusha kitandani, na kilipoondoka hakuinuka. Hasira iliyomsimamisha mbele ya watu ilikuwa imekwisha, na baada yake hapakubaki kitu. Hakulia. Hakumchukia mtu. Chai aliyoletewa ilipoa ikafanya utando juu. Simu ikiita aliitazama mpaka inyamaze. Aliwaza, kwa utulivu kabisa, kwamba kama angelala asiamke lingekuwa jambo la nafuu, na utulivu huo haukumshtua hata kidogo.

Wifi yake, dada mkubwa wa mumewe, akaja kumjulia hali. Alikuwa mwanamke wa moyo mzuri na mkono mzito. Alifika akafungua dirisha na pazia bila kuuliza, na mwanga ukammwagikia mgonjwa usoni.

"Inuka, wifi yangu. Oga, vaa, utembee kidogo. Kulala nako kunaleta ugonjwa. Sisi tungelala hivi, watoto wangelelewa na nani?"

Chiriku akageukia ukutani. Wifi akatoka kwenda sebuleni, akamnong'oneza mdogo wake kwa ile sauti yake ambayo hata ikinong'ona inasikika uani.

"Huyu hasa ana nini?"

Na mumewe, kwa mazoea, kwa uchovu, pengine kwa aibu, akajibu, "Ndiyo hivyo, dada. Walipima. Kichwa hakina kitu."

Safari hii hata hakucheka. Lakini Chiriku alisikia, na tumboni kitu kikawaka. Kilianza kwa shida, kama kiberiti kilicholoa, kikashika. Alipotambua kwamba ni hasira, nusura aipokee kwa mikono miwili. Akainuka. Akatoka na gauni la kulalia, nywele timtim, akaegemea mgongo wa kiti.

"Rudia ulichosema."

"Mke wangu, sikuwa na maana..."

"Kuna kitu. Nisikilize, na dada yako asikilize, maana nikirudi kulala sijui kama nitakisema tena. Kuna maumivu humu ambayo wewe ungepata robo yake ungemwita mama yako. Kuna hofu inayonikaba kabla sijapiga mswaki. Na wiki hii kuna kingine. Nikifumba macho naomba nisifumbue. Siombi kwa kulia. Naomba kama mtu anayeomba apitishiwe chumvi mezani. Haya, na hilo watengenezee wageni utani."

Wifi akakaa chini.

"Kwa nini hukuniambia?" mumewe akauliza.

"Nilikwambia acha hiyo habari. Ukaniuliza kama ningetaka nikutwe na kitu. Jibu la swali lako ni ndiyo. Nilitaka. Nilitaka wakute uvimbe ili unionee huruma."

Aliyelia ni mumewe. Alilia kama mwanamume asiyejua kulia, anakohoa katikati. Chiriku alimtazama na hakumbembeleza. Alikuwa amekwisha kubembeleza watu wa kutosha.

Wifi ndiye aliyeinuka kwenda kulifunga dirisha alilolifungua. Aliporudi hakusema tena habari za kuoga na kutembea. Alisema kuna daktari mmoja, mwanamke, aliyemtibu binti wa wifi kifafa wakati wengine wakisema ana mapepo, na kwamba wataenda kwake asubuhi, wote watatu. Na akalala hapo hapo kwenye kochi, bila kuambiwa, asimwache wifi yake na mawazo yale.

Chiriku aliingia kwa daktari na hasira zake zote. Kabla hajakaa vizuri akasema, "Ukiniambia ni mawazo, nainuka."

"Kaa," daktari akasema. "Mimi nauliza, wewe ndiye unayesema."

Akauliza mengi: jicho, mwanga, maneno kuchanganyika, usingizi, moyo kwenda mbio. Kisha akaweka kalamu chini na kuuliza, akimtazama usoni, kama amewahi kutamani kufa, na kama amewahi kupanga namna. Hakuna aliyewahi kumuuliza hivyo. La kwanza akajibu ndiyo, la pili hapana. Daktari hakushtuka wala hakumhubiria.

"Una kipandauso," akasema. "Maneno kuharibika na mkono kufa ganzi ni sehemu yake, ingawa siku ile walipaswa kukukimbiza hospitali, maana kiharusi nacho huanza hivyo. Pia una wasiwasi uliopita kiasi. Pia una sonona, huzuni iliyogeuka ugonjwa. Unavyo vyote."

"Kwa hiyo ni yale yale. Mawazo yameleta kichwa."

"Sijasema hivyo."

"Basi kichwa kimeleta mawazo."

"Hiyo nayo ni nusu ya habari. Mwenye kipandauso hupatwa na sonona na wasiwasi kwa urahisi kuliko mtu mwingine. Na mwenye hayo mawili, kipandauso kinaweza kumrudia mara nyingi zaidi. Yanapikiana chakula. Ukitibu moja peke yake, lingine linalipikia mpaka linapata nguvu tena."

"Na ile picha?" mumewe akauliza kutoka kwenye kona.

"Picha inatafuta uvimbe, inatafuta damu iliyovuja. Ikitoka safi maana yake hivyo havipo. Haina maana kwamba mkeo haumwi."

Mume akatazama viatu vyake.

Chiriku alipaswa kufurahi. Badala yake akaghadhibika upya. Muda wote ule, watu wawili wenye makoti meupe katika jengo moja, ukuta mmoja kati yao, na hakuna aliyegonga mlango wa mwenzake. Akayasema hayo kwa maneno makali, mengine hayafai kuandikwa. Daktari akamsikiliza mpaka mwisho.

"Walikukosea," akasema.

Hakuongeza neno la kuwatetea, na ni kwa sababu hiyo Chiriku alikubali dawa. Alipewa kidonge cha kila siku cha kuzuia kichwa, ambacho kinasaidia pia huzuni na wasiwasi, na kingine cha kumeza maumivu yanapoanza tu. Akaonywa aache kumeza vya kutuliza maumivu kila siku, kwa kuwa navyo vikizidi vinaleta kichwa. Akapewa na mtu wa kuzungumza naye, bwana mmoja mpole mwenye mvi, ambaye daktari alimwita aje asalimie hapo hapo, ili wasome faili moja.

Haikuwa miujiza. Wiki za mwanzo mdomo ulimkauka, akasinzia mpaka kwenye sahani, akatamani kuitupa ile dawa chooni. Kichwa kilikuja, akalala gizani, kikaondoka. Lakini kwa yule bwana mwenye mvi alijifunza kuikamata hofu mapema, ikiwa bado inapanda ngazi, na baada ya muda akaona zinapita asubuhi nzima hajakikagua kichwa.

Kampuni ilimwita kwenye kikao cha nidhamu. Mkuu wa utumishi alikuwa amesikiliza rekodi, na alikuwa ameuliza nani aliyeichezesha mbele ya watu. Bosi Mdogo akasimama. "Kama kuna mtu alijisikia vibaya, naomba radhi," akasema.

"Usiseme mtu," Chiriku akajibu. "Ni mimi. Na sema ulifanya nini."

Ilimchukua muda. Akayasema, akitazama meza: alimwona amenyoosha mkono akampuuza, alimnusa, aliwachekesha watu kwa ugonjwa wake. Rekodi ikafutwa mbele yao. Chiriku akarudishwa kazini, chumba cha kujibu barua pepe, penye dirisha, pasipo hedifoni. Bosi Mdogo alibaki na cheo chake na suti zake, na hilo linamchoma Chiriku mpaka leo.

Jirani yake wa zamani wa meza alimfuata siku moja kwenye ngazi. Alisema mama yake mzazi hujifungia chumbani siku nzima, pazia chini, hataki kusemeshwa, na kwamba wao watoto wamekuwa wakisema mama anaringa. Akauliza yule daktari yuko wapi. Chiriku alimwelekeza mpaka rangi ya geti. Kumsamehe, bado. Chakula cha mchana wanakula meza tofauti.

Nyumbani, Jumamosi moja, mumewe akaleta meza kubwa ya kulia chakula aliyoinunua kwa rafiki yake bila kumuuliza mtu, meza ya watu wanane kwa nyumba ya watu wawili. Ilikwama mlangoni, nusu ndani nusu nje. Chiriku akamwambia ni mjinga. Mume akamwambia yeye hana shukrani. Walibishana mpaka majirani wakapunguza sauti ya redio ili wafaidi. Hakuna aliyetaja kichwa cha mtu. Ulikuwa ugomvi wa meza tu, na mwisho wake fundi akaenda kutafuta msumeno akinung'unika, na Chiriku akakaa juu ya ile meza, miguu inaning'inia, amenuna kwelikweli, akimngoja arudi waendelee.